Mwaka Nilioitwa Mke wa Musa

Lilian alinipigia simu nikiwa na kichwa cha mteja mapajani, msuko umefika katikati, vidole vimejaa mafuta. Niliibana simu kwa bega. "Sidi, Mwalimu Gilbati ametutoka," akasema, na palepale akaongeza, "Na kijana wake anataka kuonyesha ile filamu yetu ya Musa kwenye matanga." Mteja akapiga ukelele kwamba namvuta nywele, na kweli nilikuwa namvuta. Nina saluni Watamu, na mtu akiingia kuniuliza kama nauza krimu ya kung'arisha, namwonyesha mlango kabla hajaketi. Wasichana ninaofanya nao kazi husema mama ana kisirani. Waseme. Wao kutwa wako na simu zao, wanatazama tamthilia za manabii na malkia wa zamani, wanagombana na watu wasiowajua kuhusu malkia fulani alikuwa na rangi gani na nani alistahili kuigiza nafasi yake. Juzi mmoja wao aliniuliza, "Mama, wewe waonaje, mke wa Musa anafaa awe mweusi?" Nikamwambia afagie nywele.

Sitaanza na babu na bibi zangu. Mwenye hamu nao aende Marafa akawaulize. Nitaanza na chumba cha shule ya Jumapili nyuma ya kanisa letu pale Malindi, kwa sababu mambo yote ya mwaka ule yalianzia humo. Kilikuwa chumba cha bati na madirisha mawili ya upande wa mashariki, mabenchi mafupi ya watoto, na ukutani Bwana Yesu wa kalenda mwenye ndevu za rangi ya asali. Waumini wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kwa kazi, walimu, makarani, wenye maduka, wapishi wa mahoteli. Sisi Wagiriama tulikuwa wachache na tulikaa nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyetuambia tukae huko, tulijikuta tu. Kila Krismasi na kila Pasaka kulikuwa na mchezo, na nafasi zake ziligawanywa kama viti vilivyogawanywa. Mweupe alikuwa malaika. Wa maji ya kunde alikuwa mwanafunzi wa Yesu au mchunga kondoo. Mweusi alikuwa askari wa Farao, mtumwa, pepo, au yule mwanamke mchawi aliyempandisha marehemu Samweli kutoka kuzimu. Na kwa kuwa mimi ni mweusi, tena Mgiriama, na wenzetu wa bara waliamini kila Mgiriama ana mganga chumbani, huo uchawi nilikabidhiwa bila hata majaribio. Niliucheza vizuri. Watoto walikuwa wakinikimbia mpaka katikati ya wiki.

Utakatifu wote ulikuwa wa Stefano. Mama yake alikuwa mtu wa Msabaha, baba yake Mtaliano ambaye hakuna aliyejua alikotokomea. Stefano alianza kuwa Yesu angali mchanga wa kulazwa horini, akawa Yesu wa miaka kumi na miwili hekaluni, akawa Yusufu, akawa Danieli, na ndevu zilipoota wakasema sasa yuko tayari kusulubiwa. "Mimi hata Kiitaliano sikijui," aliniambia siku moja tukikunja shuka za kuigizia. "Nikikosa adabu naitwa mtoto wa Mzungu, nikivaa shuka naitwa Bwana. Wallahi siku moja nataka niwe punda." Nilicheka mpaka nikaketi chini, lakini yeye hakuwa anacheka.

Mwaka ule Mwalimu Gilbati, aliyekuwa akisomesha historia shule ya upili na kuongoza michezo ya kanisa, alitoka na jambo jipya. Hatutacheza tena mbele ya madhabahu, alisema, tutapiga filamu. Alikuwa amekubaliana na mpiga picha wa harusi amwazime kamera, na jangwa tulikuwa nalo bure kule Nyari, yale mabonde ya udongo mwekundu na mweupe karibu na Marafa. Kisha akafungua Biblia kwenye kitabu cha Hesabu, akatusomea namna Miriamu na Haruni walivyomsema vibaya ndugu yao Musa kwa sababu alioa mwanamke Mkushi, na namna Mungu alivyomkasirikia Miriamu akampiga kwa ukoma, ngozi ikawa nyeupe pe. "Mkushi ni mtu mweusi, ndugu zangu," Mwalimu akasema. "Si mimi nimesema. Tumo humu ndani, na hatumo kama watumwa." Mimi nikamnyang'anya jirani yangu Biblia, nikautafuta huo mstari kwa macho yangu.

Majaribio yalifanyika hapo hapo asubuhi ya Jumamosi. Mwalimu alisimama nyuma ya kamera, na kando yake aliketi Mama Rehema, mwenyekiti wa kamati ya michezo, mama mnene mwenye sauti tamu na uso mweupe kuliko mikono yake. Nilisimama karibu na dirisha, nikasema maneno ya mke wa Musa akimwambia mumewe asiende Misri peke yake. Nilipomaliza nikacheka kwa aibu, nikatoka mbio. Jioni jina langu likatajwa, na Musa, kama kawaida, akawa Stefano. Siku ile nilitaka kitu kimoja, na nilikitaka mwaka mzima: siku filamu itakapoonyeshwa kwenye kile kitambaa kikubwa cheupe mbele ya kanisa, nionekane. Nisionekane mchawi, nisionekane pepo. Uso wangu uwe mkubwa kama ukuta, niwe mke wa nabii, na watu wote wa mabenchi ya mbele wawe wananitazama.

Furaha ile haikukaa. Wiki iliyofuata nilikuwa stoo nikipanga mavazi, na upande wa pili wa ukuta wa mabati kina mama walikuwa wakipika chapati za mkutano. Stoo ile ilipitisha kila kitu, moshi, harufu ya mafuta, na maneno. "Mimi sina ubaya na huyo msichana," mmoja akasema, "ana heshima, na sauti anayo. Lakini mke wa Musa, jamani! Vile ni mweusi tititi, ndiye wa kusimama na Stefano?" Mwingine akadakia, "Watu wa Mombasa wakiona watasema Malindi tulikosa msichana." Kisha nikasikia ile sauti tamu ya Mama Rehema: "Tena Mgiriama. Leo mke wa nabii, kesho atataka kuongoza kwaya. Na usiku mtamwona wapi? Meno tu." Wakacheka wote, kicheko cha watu wanaopendana, na kibao cha chapati kikaendelea kugongwa. Nilikaa palepale na shuka ya Haruni mikononi. Walipopakua waliniita kwa upole, "Sidi, njoo ule, mwanangu," nikaenda nikala. Ningefanya nini? Chapati zilikuwa tamu, na hilo pia liliniudhi.

Mama Rehema aliniita nyumbani kwake baada ya ibada. Sebule yake ilikuwa imefunikwa vitambaa vya kushona kila mahali, juu ya makochi, juu ya televisheni, hata juu ya simu ya mezani. Akanipa chai ya maziwa, akanikalisha karibu naye kabisa, akanishika goti. "Mwanangu, mimi nakupenda, ndiyo maana nakuambia. Wengine wanakusema nyuma." Nikamwambia ndiyo mama, nimesikia. Hata kope haikumtikisika. Akaingia chumbani akarudi na kopo la plastiki lisilo na karatasi yoyote, ndani mna kitu cha rangi ya waridi kilichonuka sabuni na dawa ya choo. "Paka asubuhi, paka jioni. Na usikae juani." Usikae juani! Malindi! Nililipokea kopo kwa mikono miwili, na nikamshukuru kama nilivyolelewa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Gilbati, kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu akasema tumo humu ndani. Nilidhani atalitupa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Si ubaya, Sidi," akasema. "Ni hii kamera. Hii kamera haishiki mtu mweusi. Nikifuata mwangaza wa Stefano, wewe unapotea. Nikikufuata wewe, yeye anaungua. Nimetazama yale majaribio yako, na huonekani. Ni macho na meno tu." Yale yale ya jikoni, meno tu. Nikamwomba anionyeshe hiyo kanda. Akasema haipo, ameshaipigia mambo mengine juu yake, kanda hazipatikani kwa urahisi. "Kamati inakaa mwisho wa mwezi," akamalizia, haniangalii. "Kama hakuna mabadiliko, Lilian atachukua nafasi. Jitahidi." Lilian alikuwa binti wa karani wa bara, mweupe wa kuzaliwa, msichana mpole ambaye hakuwahi kunikosea lolote. Wiki ile nilimchukia hata viatu vyake.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha chini kwa Bi Zuhura pale Shella. Yeye alikuwa mjane wa Kiislamu, mwenyeji wa mji kizazi na kizazi, na hakuwa mtu wa kuingilia dini ya mwenzake; nilipokuwa nikienda mazoezini aliniaga tu, "Haya, wasalimie manabii." Jioni ile alikuwa anakanda unga wa mahamri, nami nikamwamkia shikamoo nikaketi kumsaidia, na kopo nimeliweka kando. Alilinusia mbali. "Marahaba, mwanangu. Na huo mkorogo ni wa nani?" Nikamweleza yote. Akaendelea kukanda, kisha akasema, "Marehemu dada yangu alijipaka alipokuwa mwari, ili bwana harusi apokee mwanamke mweupe. Siku ya kuzaa akapasuliwa. Ngozi haikushika mshono, Sidi. Daktari anashona, inaachia. Anashona, inaachia." Akaugeuza unga. "Na huyo Nabii Musa, alayhi salaam, sisi tulisomeshwa chuoni kwamba alikuwa mtu wa maji ya kunde. Sasa hao wenu wamemtoa wapi Musa wa Kitaliano ambaye mke mweusi hamfai?" Nilitamani alitupe lile kopo. Badala yake aliliweka juu ya dirisha la chumba changu, mahali ambapo ningeliona kila nikiamka. "Sikutupii," akasema. "Uso ni wako."

Nikawa nalitazama, nalo kama linanitazama. Nilikuwa nikilifungua nalifunga. Nilikuwa nikijipaka kidole kimoja nakinawa. Kwenye mazoezi Lilian alikaa kwenye benchi la pembeni, ameshikilia karatasi yenye maneno yangu, midomo yake ikienda taratibu. Aliambiwa ajifunze, akajifunza. Mwalimu alikuwa akinitazama kupitia kamera kisha anatikisa kichwa kidogo, hivi, kama daktari. Siku moja alipotikisa kichwa mara ya pili nilirudi Shella kabla ya chai, nikajifungia, nikapaka uso mzima na shingo. Uliwaka. Nilisimama katikati ya chumba nikijipepea kwa daftari la nyimbo, machozi yananitoka, na nje namsikia Bi Zuhura anaita paka wake.

Na nitasema kweli, nilikipenda kile kipindi cha mwanzo. Ngozi ililainika, ikaanza kung'aa, ikapata wekundu fulani ambao hata mimi ulinishangaza kwenye kioo. Mwuza duka aliyekuwa akinitupia chenji akaanza kuniwekea mkononi. Mama Rehema alinivuta benchi la mbele, nikakaa kati yake na mke wa mchungaji, na wote wawili wakaniambia nimependeza. Mwalimu alinitazama kupitia kamera na hakutikisa kichwa. Kamati ikakaa, nafasi ikabaki yangu, nikaruka. Bi Zuhura peke yake hakusema kitu. Tulikuwa bado tunakula pamoja, mbaazi za nazi na mahamri, na macho yake yalikuwa yakishuka kwenye mikono yangu, kwenye viungo vya vidole, ambavyo vilikataa kabisa kubadilika na vilizidi kuwa vyeusi. Nikaanza kula nimekunja vidole.

Tulikwenda Nyari kupiga picha wakati wa jua kali, maana Mwalimu alitaka jangwa lionekane jangwa. Wenyeji hawashuki mle bondeni mchana, hutokota. Mimi mtu wa Marafa nilijua, na wala sikusema, nisije nikaonekana naleta visingizio. Tulishinda humo. Nilitembea nyuma ya Stefano nimefunikwa shuka nyeupe, mchanga unarudisha joto usoni, na kwa ndani ya ngozi nilisikia kitu kinachemka. Usiku uso ulivimba. Baada ya siku chache ukaanza kumenyuka, na ulipomaliza kumenyuka ulikuwa na mabaka, mashavuni na juu ya paji, mengine meupe kabisa, mengine ya rangi ya udongo, na katikati yake weusi wangu wa zamani umebaki vipande vipande. Nilikaa chumbani kwa Bi Zuhura dirisha limefungwa. Alinipaka mshubiri asubuhi na jioni, mkono mwepesi, na hakuniambia hata siku moja kwamba alinionya. Hilo lilinifanya nilie zaidi.

Mwalimu na Mama Rehema wakaja. Bi Zuhura aliwakaribisha, akawapa maji, akakaa mlangoni. Nikaondoa leso usoni. Mwalimu alitazama ukuta. Mama Rehema ndiye aliyenitazama, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, na nikaona wazi wazo likimjia, uso wake ukachangamka. "Lo, Mwalimu," akasema. "Si Miriamu huyu? Tulikuwa tunahangaika tutamtia ukoma kwa unga au kwa chaki, na hapa Mungu ametupa." Mwalimu akakohoa. "Usichukulie vibaya, Sidi. Miriamu ni nafasi kubwa. Ana maneno mengi kuliko mke wa Musa." Bi Zuhura akainuka polepole, akaufungua mlango mpaka mwisho. "Mgonjwa mmeshamwona," akasema kwa ule upole wake wa mjini. "Sasa tokeni nyumbani kwangu." Wakatoka, na bilauri za maji wameziacha zimejaa.

Watu huniuliza kwa nini nilikubali. Lilian aliniuliza, Stefano aliniuliza, mwenyewe nimejiuliza miaka yote hii nikisuka nywele za watu. Jibu ni kwamba nilikuwa na hasira, na Miriamu ana maneno. Nilijua yupi kati ya Waisraeli atasimama wapi, kwa kuwa Waisraeli wote walikuwa ni kina mama wa jikoni.

Siku tuliyorudi Nyari kupiga sehemu ya Miriamu palizuka shida mpya. Mwalimu alikuwa ameshatangaza kila mahali kwamba mke wa Musa ni Mkushi, mweusi, na sasa Mkushi mwenyewe alikuwa Lilian, mweupe karibu sawa na Musa mwenyewe. Wakashauriana pembeni. Kisha Mama Rehema akaenda kwenye mafiga tulikochemshia chai, akapindua sufuria, akaikwangua masizi, akayachanganya na mafuta ya nazi, akamkamata Lilian akampaka uso, shingo na mikono. Lilian alilia kimyakimya, machozi yakachora mistari, Mama Rehema akapaka tena juu ya mistari. Akaletwa akaketishwa karibu yangu chini ya turubai. Tukatazamana. Mweusi amefanywa mweupe ili aonekane, mweupe amefanywa mweusi ili aaminike, na wote wawili tunamsubiri mtoto wa Msabaha atuombee kwa Mungu. Mimi nikaanza kucheka. Lilian akaanza naye, kwikwi za kilio na kicheko pamoja, mpaka Mwalimu akapiga kelele tunyamaze.

Kwa sehemu ile niliandikiwa maneno machache ya adabu: nimuulize Haruni kama ni haki Musa kuoa mgeni. Kamera ikawaka. Kina mama wamejipanga nyuma yangu na mitungi yao kichwani. Nikamgeukia Haruni, nikachukua sauti tamu, polepole, ile ile. "Mimi sina ubaya na huyo msichana," nikasema. "Ana heshima, na sauti anayo. Lakini mke wa Musa, jamani! Vile ni mweusi tititi?" Haruni akaduwaa, hayo hayakuwa kwenye karatasi yake. "Watu wa Misri wakiona watasema Israeli walikosa msichana. Leo mke wa nabii, kesho atataka kuongoza kwaya." Nyuma yangu mtungi mmoja ukaanguka. "Na usiku mtamwona wapi?" nikasema, sasa nikiwageukia wao, na uso wangu wenye mabaka nikauweka mbele ya Mama Rehema, karibu kama alivyokaa nami kochini. "Meno tu."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa upindo wa shuka. Mama Rehema alisimama wima, jasho linamtiririka, na pale lilipopita krimu ikabaki na njia. Nilikuwa nikingoja Mwalimu aseme kata, na Mwalimu hakusema. Kamera iliendelea kulia ile sauti yake ndogo. Ndipo Stefano, ambaye sehemu ile hakuwa na neno hata moja, akatoka alikosimama, akaenda akamshika Lilian mkono, masizi yakamwingia viganja na kanzu. "Huyu ni mke wangu," akasema, sauti ya kawaida kabisa, ya Msabaha. Kamera ikazimwa. Mama Rehema akatuambia twende tukanawe, chakula tayari.

Kulikuwa na pipa la maji nyuma ya gari. Lilian alijisugua kwa sabuni ya kufulia, maji yakawa meusi, akamwaga, akasugua tena, na taratibu akarudi kuwa Lilian. "Sidi, imetoka," akasema kwa furaha, kisha akaniangalia na kata ya maji ikabaki hewani. Nilinawa na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshainama. Siku ya kuonyesha filamu kanisani sikwenda. Nililala kwa Bi Zuhura nikisikia vipaza sauti kwa mbali, na kabla mwaka haujaisha nikahamia Watamu kujifunza nywele. Filamu ile sikuwahi kuiona, na wala sikumwuliza mtu nilionekanaje.

Kwa hiyo kwenye matanga ya Mwalimu nilikimbilia jikoni. Nilikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi moja baada ya nyingine, kina mama wananiambia inatosha, mimi nakuna. Sebuleni watu walijaa mpaka barazani. Emanueli, mwana wa marehemu, alikuwa amepeleka kanda zote za baba yake Mombasa zikahamishiwa kwenye flashi, na nilimsikia akiwaeleza wageni kwamba ataziweka tangu mwanzo, hata vile vipande visivyowahi kuonyeshwa, ili sauti ya mzee isikike. Lilian akaja jikoni, mtu mzima sasa, mnene, mpole vilevile. Akaninyang'anya nusu ya nazi. "Sidi, twende," akasema. "Wewe twende tu."

Nikasimama nyuma ya makochi, mikono imejaa machicha. Kwenye kiti cha mbele aliketi Mama Rehema, mzee sana, mtandio umemfunika hadi mashavuni, na palipofunuka uso wake ulikuwa na mabaka meusi kuliko yangu. Televisheni ikaruka mistari, kisha pakatokea dirisha la upande wa mashariki, kalenda ukutani, na msichana. Nilichukua muda kumjua. Mwangaza wa asubuhi ulimpiga upande mmoja, na kila kitu chake kilionekana, kope, kovu dogo la juu ya nyusi, mtetemo wa mdomo wa chini kabla ya kusema. Ngozi yake ilikuwa nyeusi nzima, haina hata doa. Alimwambia mumewe asiende Misri peke yake, na sebule nzima ya wafiwa ikanyamaza kumsikiliza. Kisha akacheka kwa aibu akatoka mbio, na kamera ikabaki ikitazama ukuta, Mwalimu amesahau kuizima.

Sauti ya marehemu ikasikika, karibu sana. "Anaonekana vizuri ajabu. Sikutegemea."

Na ile sauti tamu ikamjibu, "Ndiyo shida yenyewe, Mwalimu. Anaonekana mno. Nani atamtazama Stefano?"

Emanueli alishika kidude cha televisheni, hajui kama azime. Watu wakageuka kumtafuta mwenye sauti, kisha wakageuka kunitafuta mimi. Lilian alinishika mkono, machicha na yote. Mama Rehema alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vinavuta mtandio mbele, unateleza, anauvuta tena. Nilikuwa na maneno, Mungu anajua nilikuwa nayo, ya miaka yote. Nikamtazama yule mzee, nikaitazama televisheni yenye ukuta mtupu.

"Emanueli, mwanangu," nikasema, "rudisha mwanzo."

Akarudisha, na watu wote wakaigeukia televisheni wakanitazama.